Kupamba Fremu za Picha Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kilakala, chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro, mgeni akikaribishwa ndani huona picha mbili tatu zimetundikwa ukutani: picha ya arusi, picha ya mtoto aliyemaliza shule, na juu yake picha ya bibi au babu aliyekwisha fariki. Picha ya mzee aghalabu ni moja tu. Haina nakala, na aliyeipiga hajulikani alipo. Tena kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, picha ya bibi mzaa mama si pambo la ukuta tu, bali ni ushuhuda wa ukoo. Wajukuu wakiitazama huulizana majina, na wazee hupata nafasi ya kuwaeleza walikotoka.

Basi twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, wazee wa vijiji, walimu na kila ajuaye kusoma, namna mtu awezavyo kuipamba fremu ya picha nyumbani kwake kwa vitu visivyo na gharama kubwa. Lakini kabla ya yote twataka jambo moja lishikwe: fremu ni nyumba ya picha kwanza, na pambo baadaye. Rangi iliyopakwa ovyo, au picha iliyotiwa ndani kabla rangi haijakauka, yaweza kuiharibu picha kwa miaka michache tu. Na kazi iliyofanywa kwa taratibu hudumu hata vitukuu wakaiona.

UBAO WA KUTENGENEZEA

Si lazima kununua ubao mzima. Vipande vinavyobaki kwa fundi seremala vyatosha, kwa kuwa fremu ya picha ya kawaida haitaki ubao mpana kuliko vidole vitatu. Mninga una rangi nzuri ya hudhurungi na haupindiki upesi. Mtiki, uliopandwa kwa wingi Mtibwa katika mkoa wa Morogoro, ni mgumu na una mafuta yake ya asili. Mbao za msindano ni nyepesi na rahisi kukata, ila ni nyeupe na laini, nazo hutaka kupakwa kitu. Mtu asipande mlimani kutafuta mti wa kukata. Msitu wa Uluguru umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na maji wanayokunywa watu wa Morogoro hutoka humo.

Ubao uwe mkavu kabisa. Ubao mbichi hujikunja ukikauka, pembe za fremu zikaachana, na rangi yote ikapasuka hapo penye pembe. Tazameni pia kama una vitundu vidogo vyenye unga. Hiyo ni alama ya wadudu watoboao mbao, na ubao huo usiingizwe nyumbani.

KULAINISHA

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wana haraka ya kuona rangi. Rangi haifichi ubaya wa ubao, bali huuonyesha zaidi. Kila mkwaruzo usioonekana kwenye ubao mtupu huonekana wazi ukipakwa vanishi.

Zamani, kabla karatasi za msasa hazijaenea madukani, mafundi walilainisha mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, ulio wa jamii ya mkuyu. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karatasi ilipokuja ikapewa jina la mti. Karatasi hizo zina namba nyuma yake, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Anzeni na namba 80 au 100 kuondoa alama za msumeno, kisha 120, mwisho 220. Sugueni siku zote kwa kufuata nyuzi za ubao, wala si kwa kuzikata, maana mikwaruzo inayokata nyuzi haifutiki.

Ukiisha kusugua, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ubao ukauke, halafu usugue tena kwa msasa laini. Maji huzisimamisha nyuzi ndogo, na msasa wa pili huzikata. Asiyefanya hivyo atashangaa kuona fremu yake imekuwa na manyoya baada ya kupakwa.

UBAO MZURI HAUTAKI RANGI

Aliye na kipande cha mninga au mtiki asikifunike kwa rangi. Kinachofaa hapo ni mafuta na nta, ili uzuri wa ubao uonekane.

Lakini si kila mafuta yanafaa. Mafuta ya kitani yakikaa hewani hugeuka kuwa ngozi ngumu, kwa kuwa hushikana na hewa na kuganda. Mafuta ya nazi, ya mawese na ya nyonyo hayana tabia hiyo. Yakipakwa kwenye fremu hubaki mabichi, hunata, hukusanya vumbi, hunuka, na mwisho huingia kwenye karatasi ya picha na kufanya doa lisilotoka. Mafuta ya alizeti yako katikati. Hukauka, ila kwa muda mrefu mno, na mara nyingi huacha ulaini unaonata. Kwa hiyo ni heri kununua chupa ndogo ya mafuta ya kitani kuliko kutumia yaliyo jikoni.

Pakeni mafuta membamba kwa kitambaa, ngojeni robo ya saa, kisha futeni yote yaliyobaki juu. Acheni siku mbili tatu, halafu pakeni tena. Baada ya mara tatu, tieni nta ya nyuki. Nta huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa ikipata joto kubwa hulipuka moto. Changanyeni sehemu moja ya nta na sehemu tatu au nne za mafuta ya kitani, iache ipoe iwe kama samli, kisha pakeni kidogo na kusugua kwa kitambaa kikavu hata ing'ae.

KUUGEUZA UBAO MWEUPE

Msindano na mbao nyingine nyeupe zaweza kupewa rangi ya mti wa thamani kwa chai na misumari. Chemsheni majani mengi ya chai katika maji machache hata yawe meusi, yakipoa muipake fremu mara mbili na kuiacha ikauke. Siku chache kabla yake, tieni misumari yenye kutu katika siki, ndani ya chupa. Mdomo wa chupa ufunikwe kwa kitambaa tu, usizibwe, kwa sababu chuma kikiliwa na siki hutoa hewa, na chupa iliyozibwa yaweza kupasuka. Baada ya wiki moja chujeni maji hayo, na myapake juu ya ile chai iliyokauka. Mara moja mtaona ubao ukigeuka kuwa kijivu, kisha mweusi.

Sababu yake ni hii. Chai ina kitu kikali, kile kinachokausha ulimi, nacho kimo pia katika magome ya miti mingi, kama yale ya mikoko ambayo watu wa pwani huyatumia kupakia rangi. Kitu hicho kikikutana na chuma hufanya weusi usiofutika kwa maji. Ndiyo namna ile ile ambayo wino wa kuandikia ulitengenezwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwapaswa kujaribu kwanza kwenye kipande kingine, maana kila ubao una tabia yake. Ikikauka, ipakwe vanishi au nta.

CHAKI, UDONGO MWEKUNDU NA DHAHABU

Fremu za dhahabu zilizomo katika majumba ya wafalme na makanisa ya Ulaya si za dhahabu tupu. Ndani ni ubao wa kawaida. Juu yake hupakwa tabaka nyingi za unga mweupe uliochanganywa na gundi, kisha udongo mwekundu laini, na mwisho karatasi ya dhahabu iliyofuliwa hata ikawa nyembamba sana. Karatasi kama 10,000 za dhahabu hiyo zikipangwa pamoja, unene wake hufika milimita moja tu. Udongo mwekundu huwekwa chini kwa sababu huipa dhahabu joto la rangi. Dhahabu iliyowekwa juu ya weupe huonekana kama imepauka.

Kazi kama hiyo yawezekana hapa kwetu bila dhahabu. Walimu hutupa kila siku vipande vya chaki vilivyo vifupi mno kushikwa. Vikusanyeni na kuviponda, kisha mchekeche unga wake kwa kitambaa chembamba. Chaki iwe ya jasi au ya chokaa, zote zafaa. Changanyeni gundi nyeupe ya seremala na maji kiasi sawa, na mtie unga wa chaki kidogo kidogo hata uwe kama uji mwepesi. Pakeni tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, na tabaka ya mwisho isuguliwe kwa msasa laini hata iwe kama ganda la yai. Anayetaka nakshi aichore kwa ncha ya kijiti wakati tabaka ya mwisho ingali na unyevu.

Kisha chukueni udongo mwekundu, ambao katika mkoa wetu hauhitaji kutafutwa mbali. Ukorogeni katika maji, acheni mchanga uzame, na mmimine maji mekundu katika chombo kingine. Kinachotulia chini ya chombo hicho cha pili ndicho udongo laini. Tieni gundi kidogo, mpake mara mbili. Ukiachwa hivyo hivyo na kupakwa nta, tayari ni pambo zuri. Anayetaka kung'aa zaidi atapaka juu yake rangi ya dhahabu ya kopo, kisha ataisugua kingo kwa kitambaa ili wekundu uchungulie. Ajue lakini kwamba rangi hiyo ya dukani aghalabu ni unga wa shaba, nao hufifia na kuwa na ukijani ukiachwa wazi. Sharti ufunikwe kwa vanishi isiyo na rangi.

ULANGA WA MILIMA YETU

Wakazi wa Uluguru wanaujua ulanga, lile jiwe linalobanduka ngozi ngozi kama kitunguu na kumeta juani. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya vita vya mwaka 1914, ulanga ulikuwa ukichimbwa katika milima hii na kupelekwa ng'ambo. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 ulitakiwa tena sana, kwa kuwa haupitishi umeme wala hauungui upesi, ukatumika katika redio na mashine za ndege. Leo unga wa ulanga umo katika rangi nyingi zinazometa kama lulu, zile za magari na za kujipamba uso.

Fremu iliyopakwa udongo mwekundu au rangi nyeusi hupendeza sana ikitiwa ulanga. Vipande vidogo vinavyookotwa njiani baada ya mvua vyatosha. Hatumwambii mtu kuchimba, kwa sababu kuchimba madini bila leseni ni kinyume cha sheria, na mashimo ya zamani yameficha hatari. Ubandueni ulanga kwa kisu huku umezama katika bakuli la maji, wala msiuponde ukiwa mkavu, maana vumbi la mawe likiingia mapafuni halitoki, na huleta kifua kisichopona. Pakeni gundi iliyozimuliwa penye nakshi, mnyunyize vipande hivyo vingali na maji, na vikikauka mvifunike kwa vanishi.

UKILI NA RANGI ZA MAFUTA

Kwa fremu pana isiyo na nakshi, kuna pambo lisilotaka rangi hata kidogo, nalo ni ukili. Ukili mwembamba wa ukindu, uliosukwa kwa rangi mbili kama wa mkeka, hukatwa kwa kipimo na kubandikwa kwa gundi upande wa mbele, na pembe zake hukatwa mshazari ili zikutane vizuri. Ukandamizwe kwa vitabu vizito usiku kucha. Kina mama wasukao mikeka ni mafundi wa kazi hii kuliko seremala ye yote.

Wapendao rangi kali wakumbuke mfano wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Yeye alianza kuchora kwa rangi za mafuta zilizotumiwa kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za kujengea, na kazi hiyo ikajulikana duniani kote. Rangi za namna hiyo hukauka zikiwa ngumu na zenye kung'aa, nazo hufaa kwa madoa, majani na ndege wa kuzunguka fremu. Lakini zina jambo la kuangaliwa, nalo twalieleza hapa chini.

HATARI TATU

Ya kwanza ni madini ya risasi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi ili zikauke upesi na ziwe na rangi kali, na hata sasa katika nchi nyingi zipo zinazouzwa zikiwa nayo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huwadhuru hasa watoto wadogo, kwa kuwa hudumaza akili, na akili iliyopotea kwa risasi hairudi. Kwa hiyo msisugue fremu kuukuu yenye rangi kwa msasa mkavu ndani ya nyumba. Isugueni nje, ikiwa imeloweshwa, watoto wakiwa mbali, kisha mnawe mikono kabla ya kula. Mkinunua rangi mpya, someni kopo na mchague iliyoandikwa kuwa haina risasi. Fremu ya kitanda cha mtoto au ya chumba anacholala ni heri ipakwe nta, udongo au rangi ya maji.

Ya pili ni moto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa pembeni hupata joto vyenyewe pasipo kuwashwa, na vyaweza kushika moto usiku watu wamelala. Tulisema kwamba mafuta hayo hukauka kwa kushikana na hewa, na kushikana huko ndiko kuletako joto. Tandazeni kila kitambaa nje, kimoja kimoja, hata kikauke, au mkizamishe katika kopo la maji. Vanishi, tapentaini na spiriti visifunguliwe karibu na jiko la mkaa wala taa ya mafuta.

Ya tatu ni unyevu. Upande wa mashariki wa Uluguru mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ingawa mjini Morogoro hata nusu yake haifiki. Vanishi ikipakwa siku ya mvua huchelewa kukauka, na nyingine hugeuka nyeupe kama imeingia ukungu. Kazi hii ifanywe miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Septemba, asubuhi umande ukiisha kukauka.

KUITIA PICHA NDANI

Picha isiwe karibu wakati wo wote wa kupaka. Fremu ikikauka kwa mkono bado haijakauka kwa pua. Iacheni mahali penye hewa wiki mbili, tatu, hata mwezi, mpaka isinuke tena. Mvuke wa rangi na vanishi ukifungiwa nyuma ya kioo huifanya picha kuwa ya manjano.

Picha isigusane na kioo. Picha za karatasi zilizosafishwa kwa dawa zina ngozi ya jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nacho hulainika kwa unyevu na kunata kwenye kioo. Wekeni ukingo wa karatasi nene nyeupe kuzunguka picha, ili hewa ipite katikati. Kama picha ya zamani imekwisha kunata, msiivute, maana uso wa mzee utabaki kwenye kioo. Ipigeni picha nyingine kwanza, kupitia kioo hicho hicho, ili nakala ipatikane kabla ya jambo lo lote.

Nyuma wekeni karatasi nyeupe safi kati ya picha na ubao, kwa kuwa boksi la kawaida lina uchachu unaoifanya picha kuwa kahawia. Zibeni mwanya wa nyuma kwa karatasi na gundi ili wadudu wasiingie. Bandikeni vipande viwili vya kizibo chini ya fremu, upande wa nyuma, isigusane na ukuta. Mwisho itundikeni ukuta usiopigwa na mvua wala jua, na nyuma yake andikeni kwa kalamu ya risasi, juu ya karatasi ya kuzibia, jina la aliyepigwa picha, ukoo wake na mwaka kama wajulikana.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyaeleza. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni subira, maana katika kazi hii siku za kungoja ni nyingi kuliko siku za kupaka, na haraka haraka haina baraka. Walimu waweza kuwafundisha watoto kwa chaki zilizobakia, na wazee waweza kuanza na picha moja tu, ile isiyo na nakala. Huyo aliye pichani hawezi kupigwa tena, bali nyumba yake ya kioo na ubao i mikononi mwetu.